Roho Nzito, Namba Tisa

Najma, Doha
Ijumaa asubuhi

Baba,

Shikamoo. Nimejiitikia mwenyewe, usijisumbue.

Barua huanza kwa kumjulia mtu hali, lakini hali yako inajulikana Voi nzima, basi nianze na yangu. Mimi ni mzima. Naliandika neno hilo polepole kwa sababu wewe unajua limetoka wapi mpaka likafika kwenye karatasi hii. Ni mzima, nimeoga, nimefua pazia la kitanda changu, na maji ya chai yako jikoni.

Pia, kifurushi chako kimefika. Namba tisa. Kimefika wiki ya saba baada ya sisi kukuzika. Katika miaka yako yote ya kukaa nyuma ya kaunta ya posta hukuwahi kuchelewesha mzigo wa mtu. Huu mmoja nimekusamehe, maana ulikuwa na udhuru.

Acha nikueleze yote kwa mpangilio, kama ulivyokuwa unanilazimisha nikitoka shule. Najua mengine unayajua kuliko mimi. Hayo ndiyo hasa nataka tuyazungumze.

Unakumbuka nilipokupigia simu mara ya kwanza kuhusu jambo hili. Nilikuwa mwaka wa pili hapa Doha, nimetolewa ulinzi wa mlangoni nikaingizwa chumba cha kamera. Wenzangu waliona nimebahatika. Mlangoni unasimama saa kumi na mbili. Chumba cha kamera unakaa, kuna kiyoyozi, na hakuna anayekuuliza choo kiko wapi. Kazi ni kutazama skrini ishirini na nne za jumba la maduka na kupiga simu ukiona kitu. Dirisha hakuna. Basi la kampuni linatuchukua Najma likiwa limefungwa mapazia, linaingia chini ya jengo, tunapanda lifti. Jioni ni hivyo hivyo kurudi. Nchi hii ina jua la kukaangia mayai, na mimi nilikaa miezi minne nikilitazama kwenye skrini namba kumi na saba, ile ya maegesho.

Halafu kitu kikanishika. Sikulia. Watu wanadhani mwenye ugonjwa huo hulia. Mimi niliacha kulia, nikaacha kucheka, nikaacha kuchana nywele. Nilikuwa natazama watu wakicheka bila sauti kwenye skrini, nikijaribu kukumbuka inafanywaje. Siku za ofu nilivuta pazia la kitanda nikalala humo kama mzigo usio na anwani. Daktari aliita depresheni. Kijitabu cha Kiswahili pale kliniki kiliandika sonona. Sisi Najma tunaita stresi, hata ikiwa imeshakula nusu ya mtu. Fridah, mwenzangu wa kitanda cha juu, msichana wa Kericho asiye na subira, ndiye aliyenipeleka, kanishika mkono wa blauzi kama polisi. "Ukifia hapa," alisema, "mimi ndiye nitakayejaza fomu, na fomu zao ni ndefu."

Nikapewa vidonge, kimoja kila asubuhi. Ndipo nikakupigia, kwa sauti ya chini, kwa sababu nyumbani watu wana maneno yao kuhusu vidonge vya namna ile.

Uliniuliza jina la kidonge, ukaliandika. Kisha ukasema: "Vinywe. Lakini na mimi nitakutumia za kwetu. Za asili."

Nilifurahi kuliko nilivyopaswa. Kidonge kilikuwa kinaniambia kila asubuhi kwamba mimi ni mgonjwa. Majani ya nyumbani yangeniambia kwamba mimi ni Mtaita aliye mbali tu. Ukweli ni huu, Baba: tangu siku hiyo nilikuwa natafuta njia ya kuviacha vidonge nibaki na majani. Humu mabwenini ndivyo tunavyoshauriana. Huyu habasoda na asali, yule mlonge, mwingine maziwa ya ngamia, mwingine kufunga na kuomba siku tatu. Kila mmoja ana binamu aliyepona.

Namba moja ilikuja na Bi Zuhura. Sikukuelewa. Kulikuwa na msichana wa Voi hapo hapo aliyekuwa anarudi wiki ile ile, na analala jengo la tatu kutoka letu. Ukamruka. Mzigo ukampa mama wa Mombasa anayepikia familia moja Al Wakrah, ambako kutoka kwangu ni kutembea hadi stesheni, kupanda metro hadi mwisho wa reli, kisha basi. Nikakuomba amtume mtu. Ukasema kwa ile sauti yako ya kaunta: "Mzigo wa kusainiwa huchukuliwa na mwenyewe."

Nikaenda, kwa hasira. Hasira ilikuwa kitu cha kwanza nilichosikia rohoni kwa muda mrefu, nikaikaribisha.

Bi Zuhura alinifungulia mlango wa nyuma wa jikoni, kanga kiunoni, mwiko mkononi. "Ndiye wewe mwenye baba mkaidi?" alisema. "Kaufunga mzigo huu kama maiti. Nimetaka kunusa tu, sikupata pa kuingilia." Akanitazama juu mpaka chini. "Na wewe mwenyewe, mwanangu, umefungwa ovyo. Kaa hapo, nimenyie vitunguu."

Nilimenya ndoo nzima. Nililia, Baba, kwa mara ya kwanza kwa miezi, na kwa kuwa vilikuwa vitunguu hakuna aliyeniuliza. Alinipa mahamri na mbaazi, akanitoa kabla madamu hajaamka usingizi wa mchana. "Pita njia ya baharini," alisema, "upigwe na upepo. Basi halina haraka na wewe huna bwana."

Kifurushi nilikifungua kitandani. Karatasi ya kaki, kamba ya katani, na lile fundo lako la posta ambalo ulinikataza kulikata tangu darasa la pili. Ndani, majani makavu yaliyosagwa. Juu, kwa herufi kubwa za kalamu ya wino:

ROHO NZITO NA. 1. CHEMSHA. KUNYWA ASUBUHI UKIWA UMESIMAMA NJE. SI DIRISHANI. NJE. HADI KIKOMBE KIISHE.

Ilikuwa mwezi wa saba. Saa kumi na moja na nusu asubuhi jua la Doha limeshavaa viatu. Nilisimama mbele ya jengo nikipuliza chai ya moto kwenye joto la namna hiyo, na Mnepali wa mlango wa pili, mlinzi kama mimi, ambaye hunyoosha viungo pale kila asubuhi, akawa ananitazama. Siku ya nne alileta mwavuli wake akanishikia. Hatuna lugha zaidi ya salamu na vidole, lakini mwavuli hauhitaji tafsiri.

Namba mbili iliandikwa: USINYWE PEKE YAKO. UKINYWA PEKE YAKO HAIFANYI KAZI. Ikabidi nimbembeleze Fridah. Alionja akasema ladha yake ni ya sabuni ya kifahari, kisha akawa anakunywa vikombe viwili na kunisimulia bosi wake. Namba tatu: SAA MBILI KABLA YA KULALA, SIMU IKIWA NDANI YA SANDUKU LA NGUO. Namba nne: BAADA YA KUTEMBEA TU, JASHO LIKIWA BADO.

Na kwenye hiyo namba nne ndipo ulipoanza kupitisha mizigo Uganda.

Nilijua sasa uzee umekufikia. Mzigo unatoka Voi, unapakiwa kwenye lori la mtu anayeelekea Kampala, unakabidhiwa ndugu yake aliye likizoni, ndugu anapanda ndege Entebbe, anatua Doha. Posta yenyewe, pamoja na sifa zake zote, haijawahi kupotea hivyo. Huyo ndugu ndiye Salongo, baba wa mapacha, dereva anayekaa mbali kule upande wa viwanda. Nilimkuta ameketi kwenye kreti ya soda akipunguza kucha.

"Nyabo," aliniambia, kwa Kiganda chao cha kumheshimu mwanamke, "huyu mzee wako ni mtu wa namna gani? Alinipigia simu, hakuuliza kama nina nafasi kwenye begi. Aliuliza ninakaa wapi, na kama ni mbali kutoka stesheni. Nikamwambia mbali sana. Akasema vizuri."

"Alisema vizuri?"

"Mara mbili. Na akaniambia nikiulizwa uwanja wa ndege niseme hiyo ni chai. Mimi nikajua ananifundisha uongo. Nilitoka jasho kutoka Entebbe mpaka hapa."

Tulicheka. Niliona mdomo wangu umefunguka na sauti inatoka, kama skrini ambayo mtu ameirudishia sauti.

Kisha jioni ulikuwa unapiga simu kukagua. "Mtoto wa Salongo amepona surua?"

"Sijui, Baba."

"Sasa ulienda kufanya nini?"

Basi nikarudi kwake hata bila mzigo, nikauliza. Nikajua majina ya mapacha, nikajua goti la Bi Zuhura linauma upande gani, nikajua kwamba Fridah alikuwa amefiwa na mdogo wake mwaka uliotangulia na hakuwa amemwambia mtu pale chumbani. Nilikaa chini ya kitanda chake mwaka mzima, Baba. Mimi, ninayelipwa kutazama watu.

Hapo ndipo nilipofanya kosa langu, na mimi nilidhani ni ushujaa. Nilikuwa nimeanza kulala. Nilikuwa nimechana nywele. Nikatazama kile kikopo cha vidonge, nikatazama majani yako, nikasema: aliyeniponya ni Baba. Vidonge nikaviacha siku moja, vyote, bila kumwambia daktari. Mwanzoni nilijiona nimetoka jela. Baada ya siku chache kichwa kikawa kinapigwa kama na umeme mdogo mdogo, kizunguzungu, tumbo, na hasira za kumrushia Fridah kandambili. Wiki chache mbele ule uzito ukarudi, ukakaa mahali pake pale pale kama mwenye nyumba. Siku moja niliona kwenye skrini namba sita mtoto amepotea analia, nikachukua dakika nzima kuinua simu. Alipatikana. Lakini dakika ile siisahau.

Na bado nilikupigia kwa majivuno. "Baba, nimeacha vidonge. Dawa yako imenitosha."

Nilingoja ufurahi. Ukasema, na sikuwahi kukusikia ukiogopa kabla ya siku hiyo: "Mghoi. Kesho rudi kwa daktari. Mwambie kila kitu. Mimi ni mtu wa posta."

Nilikasirika, lakini niliona aibu kukataa. Pale kliniki kuna nesi wa Bungoma anayeitwa Nafula, anayezungumza na wagonjwa kama mama mwenye watoto kumi na sufuria moja. "Hivi vidonge haviachwi kama mchumba, dada," alisema. "Hupunguzwa kidogo kidogo, daktari akijua. Na unakunywa nini kingine? Usinifiche. Kuna mitishamba inagombana na dawa hizi vibaya sana, na watu huletwa kwangu wameshazimia. Leta nione."

Nikaleta vyote vinne kwenye mfuko. Akafungua namba moja, akanusa. Akafungua namba mbili. Akaenda kwa namba tatu na uso umeanza kumtoroka kwa kicheko.

"Dada, hii ni mchaichai."

"Namba moja?"

"Zote. Hii ya nne ni mchaichai uliokaushwa ukaungua. Haina ubaya. Kunywa mpaka uzeeke."

Nilirudi kwenye vidonge siku hiyo hiyo. Lakini wewe sikukuambia. Nilidhani kuna mganga wa Mwatate anakutapeli, na nikaona heri utapeliwe ukiwa na furaha kuliko ujue ukose cha kunitumia. Kwa hiyo namba tano mpaka nane nilizipokea kwa heshima zote. Nilizifuata kwa metro, kwa basi na kwa miguu, nikasimama nje, nikanywa na watu, nikakuambia kwamba namba saba ilikuwa kali kidogo. Ukaniambia ndiyo, ile ni ya mizizi.

Baba, wewe ni mwongo hodari sana.

Basi mwaka ukapita. Daktari akaniambia mambo yangu yametulia na tunaweza kuanza kupunguza vidonge, polepole. Jumanne moja tukafika nusu. Siku hiyo hiyo, huko Voi, ulimaliza chakula cha mchana, ukakaa kwenye kiti chako, ukamwambia dada yangu Wakesho unapumzika kidogo. Ulikuwa mtu wa kutimiza neno.

Nilipewa likizo nikaja. Sitakusimulia msiba wako, ulikuwepo. Nitakusimulia tu siku ya tatu baada ya mazishi, nilipozunguka nyuma ya jikoni kumwaga maji machafu nikakuta lile shina letu la mchaichai limenyolewa kama kurutu. Nikamwita dada yangu. Nikamwonyesha. Wakesho alishika mdomo, akachuchumaa, akacheka mpaka mashangazi wakatokeza vichwa kuona ni nani asiye na adabu matangani.

Ndipo akaniambia. Kesho yake baada ya simu yangu ya kwanza ulivaa koti lako la posta, lile la vifungo vya shaba, ukaenda hospitali, ukapanga foleni na kina mama wenye watoto. Ulipofika mbele ukamuuliza yule daktari kijana: binti yangu ana hili na hili, yuko Arabuni, anakunywa kidonge hiki, za asili ni zipi? Naye akakwambia usithubutu kumtumia mtishamba wowote ambao daktari wake hajauona, unaweza kumdhuru. Akasema kidonge kina kazi yake. Lakini akasema kuna mambo mengine ambayo, yakikaa pamoja na matibabu, husaidia sana: jua la asubuhi, kutembea, usingizi wa kutosha, kukaa na watu, kuwa na mtu anayekuhitaji, kusema.

Wakesho anasema uliandika yote nyuma ya kadi ya hospitali. Kisha ukamwangalia yule kijana ukamuuliza: "Sasa hizo zinafungwaje kwenye karatasi?"

Alicheka. Alidhani unatania.

Nilikaa pale kwenye ndoo iliyopinduliwa nikamkumbuka yule mjane wa sanduku la barua namba sitini na mbili. Nilikuwa naketi chini ya kaunta nikikungoja ufunge kazi, na kila siku saa tisa alikuja, akafungua sanduku, akakuta halina kitu, akalifunga, akakusalimu, akaenda zake. Nilikuuliza kwa nini usimwambie hakuna barua asijichoshe. Ukasema: "Barua si kazi yake. Kazi yake ni kuja." Nilikuwa na miaka minane, nikaona ni jibu la mtu mvivu.

Nilirudi Doha na woga mmoja tu. Sikuogopa huzuni. Huzuni ya kukukosa ina uso, naijua, nalia nayo, tunaelewana. Niliogopa ule uzito mwingine usio na uso. Nilijiambia: aliyekuwa ananitoa kitandani hayupo. Vifurushi vimeisha. Sasa tutaona kama nilikuwa nimepona au nilikuwa natumwa tu. Daktari alisema tusikimbie, tubaki hapo hapo kwenye nusu mpaka vumbi litulie.

Wiki ya kwanza nilisimama nje na kikombe. Wiki ya tatu nilisimama dirishani. Wiki ya sita nilikuwa nimevuta pazia. Fridah alibisha kwenye chuma cha kitanda mara mbili, nikasema nimechoka. Mnepali alimuuliza kwa ishara ya mwavuli, naye akainua mabega.

Ijumaa ya wiki ya saba, saa nne asubuhi, simu ikalia.

"Nyabo, pole sana kwa mzee," alisema Salongo. "Nilikwama nyumbani. Mke alijifungua, ni wawili tena, usiniulize. Nimefika jana. Nina mzigo wake."

Nilikaa. Nikamuuliza mzigo wa nani.

"Wa mzee wako. Alimpa kaka mwezi mmoja kabla. Uko hapa."

Nilimwambia amwachie mlinzi wa jengo langu akipita, kwa sababu siku hiyo yeye ana gari na mimi sina miguu. "Alikataza," alisema. "Aliniapisha. Mtu akifa ndiyo kabisa, siwezi kuvunja."

Baba, nilikutukana kidogo. Halafu nikavaa viatu.

Nilitembea hadi stesheni. Nikapanda metro, nikapanda basi, nikatembea tena kwenye ile barabara yake isiyo na kivuli hata cha nguzo. Nilifika nimelowa. Salongo alikuwa kwenye kreti ile ile, na picha za watoto wapya kwenye simu, vichwa viwili kama viazi vitamu. Nilimpongeza. Nikauliza majina. Nikauliza kama mama yao analala. Nilijisikia nikiuliza.

Kifurushi kilikuwa kikubwa kuliko vingine. Nikafungua fundo, sikulikata, ingawa mikono ilikuwa na haraka. Juu kabisa karatasi:

ROHO NZITO NA. 9. MGHOI, HIZI SI ZAKO. PELEKA MWENYEWE. USITUME TEKSI.

Chini yake vifurushi vidogo sita, kila kimoja na kamba yake na fundo lake. BI ZUHURA, KWA GOTI, AKANDE USIKU. FRIDAH, POLE YA MDOGO WAKO. NESI NAFULA, ASANTE KWA KUTONISEMA. Kwa hiyo niliposimulia habari za nesi ulijua atanusa, ukadhani hakuniambia. SALONGO, KWA JASHO LA ENTEBBE. MNEPALI WA MWAVULI. Vyote mchaichai. Nimenusa vyote.

Salongo alikipokea chake kwa mikono miwili, akakigeuza, akasoma jina lake mara kadhaa. "Kumbe kweli ilikuwa chai," alisema.

Nilivimaliza kuvipeleka kwa wiki mbili. Sasa nimeelewa kwa nini uliniandikia USITUME TEKSI, maana kila mlango ulikuwa na mambo yake. Bi Zuhura alinimenyesha vitunguu tena na hakuniruhusu kusingizia vitunguu. Tulilia kwa jina lako, kisha akasema aliyefunga hivi hata huko aliko atakuwa amewafunga malaika mbawa, tukacheka mpaka madamu akaita. Fridah alikipokea chake. Alipanda kitandani kwake na kifurushi, akashuka baadaye na vikombe viwili, akanisimulia habari za mdogo wake mpaka saa ya basi. Nesi Nafula alinusa kwanza. Mnepali aliinamisha kichwa viganja vikiwa pamoja, nami nikainamisha changu, na mwavuli ukaanguka.

Sijawahi kuwa na furaha ya namna hii, Baba, na sijui niiweke wapi. Ninakukosa kila siku na nimefurahi. Hayo mawili yanakaa chumba kimoja bila kugombana, na chumba chetu unakijua kilivyo.

Vidonge bado nakunywa, nusu. Mwezi ujao daktari atanitazama tena. Huenda vitaisha, huenda vitabaki; sina haya navyo, vilinishika mkono ulipokuwa ukinitembeza. Nimeomba pia nirudishwe mlangoni siku tatu kwa wiki. Supavaiza alinitazama kama mtu anayerudisha zawadi. Sasa naulizwa choo kiko wapi mara mia kwa siku na najibu kama mwenyeji.

Nimesema vifurushi vidogo vilikuwa sita na nimekutajia watano. Cha sita hakikuwa na jina. Kilikuwa na mstari mtupu tu, kama fomu ya posta, na chini yake: JAZA MWENYEWE. Nilikaa nacho siku nyingi.

Kuna msichana mgeni kazini, wa Taveta, ana miezi mitatu. Wamempeleka chumba cha kamera na wenzake wanamwambia amebahatika. Anakula akiwa ameelekea ukuta. Juzi nilipita nikamwona anatazama skrini namba kumi na saba, ile ya maegesho, na hakukuwa na gari lolote. Nikamuuliza kama kuna mtu anazungumza naye. Ni kama aliuliza Fridah wake yeye ni nani. Hakusema hivyo hasa. Alisema hana mtu. Nikamwambia kuhusu Nesi Nafula, nikamwambia nitamsindikiza Jumatatu, na hapo sitanii wala sitamdanganya kwamba majani yanatosha. Kisha nikamwambia: una mzigo. Umetoka nyumbani. Uko kwangu, uufuate Ijumaa.

Akauliza kama naweza kumletea kazini. Nikasema, kwa sauti yako, kwamba mzigo wa kusainiwa huchukuliwa na mwenyewe.

Jina lake nimeliandika kwenye mstari, kwa herufi kubwa. Wewe pumzika sasa, Baba. Kaunta naishika mimi. Nakuahidi sitakata fundo, sitaruka mtu kwa sababu yuko mbali, na siku nikishindwa kutoka kitandani nitasema mapema, kwa daktari na kwa Fridah, kabla pazia halijafungwa. Mchaichai Wakesho anasema umeanza kuchipua.

Leo ndiyo Ijumaa yenyewe. Maji yanachemka. Yule msichana amenipigia simu sasa hivi akiwa anataka kutoka bwenini kwao, anauliza kama kwangu ni mbali kutoka stesheni.

Nikamwambia mbali sana. Nikasikia anavaa viatu.

Vizuri.

Binti yako,
Mghoi